Akina Gemaria wa Siku za Mwisho za Yuda

Msomaji wa Biblia akifika sura ya 36 ya kitabu cha Yeremia hukutana na majina yaliyopangwa kama orodha ya wahudhuriaji wa kikao: Elishama mwandishi, Delaya mwana wa Shemaya, Elnathani mwana wa Akbori, Gemaria mwana wa Shafani, Sedekia mwana wa Hanania. Wengi huyapita mbio ili wafike kwenye tukio lenyewe, pale mfalme anapolitupa gombo la nabii motoni. Makala hii inasimama kwa mmoja wa watu hao, Gemaria, na inawafuata pia wengine walioitwa jina hilohilo katika karne zile.

Kwa Kiebrania jina hilo ni Gemaryahu, yaani BWANA ametimiza. Lilikuwa jina la kawaida katika ufalme wa Yuda, ambako wazazi wengi walimalizia majina ya watoto wao kwa jina la Mungu wao. Biblia inawataja akina Gemaria wawili tu, na wote wamo katika kitabu cha Yeremia. Ardhi, hata hivyo, imetutolea wengine: katika vigae vya Lakishi na Aradi, katika udongo wa muhuri uliochimbuliwa Yerusalemu, na katika nyaraka za mafunjo za kisiwa kimoja cha Mto Nile. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa mfalme wala nabii. Walikuwa maofisa, wajumbe, askari na mashahidi wa hati. Dai langu ni kwamba bila watu wa namna hii maneno ya Yeremia yasingetufikia.

Nyumba ya Shafani

Habari ya Gemaria inaanzia kwa baba yake. Mwaka wa 622 KK, Mfalme Yosia akiwa katika mwaka wake wa 18 wa kutawala, hekalu la Yerusalemu lilikuwa likikarabatiwa. Maseremala na waashi walipaswa kulipwa, na mbao na mawe ya kuchonga yalipaswa kununuliwa. Mfalme akamtuma Shafani, mwandishi wake, aende kusimamia fedha hizo pamoja na kuhani mkuu Hilkia. Mwandishi wa mfalme alikuwa mtu mkubwa serikalini. Leo tungemwita katibu mkuu. Nyaraka za ufalme, hesabu na barua za nje zilipitia mikononi mwake.

Huko hekaluni Hilkia alimweleza kwamba amekiona kitabu cha torati. Shafani akakipokea, akakisoma, akarudi ikulu. Kitabu cha Pili cha Wafalme kinasimulia kikao chake na mfalme kwa namna inayomfanya Shafani aonekane dhahiri: kwanza anatoa taarifa ya fedha, kwamba zimekusanywa na kukabidhiwa wasimamizi wa kazi, ndipo anataja kitabu na kukisoma mbele ya mfalme. Yosia aliposikia yaliyoandikwa, alirarua mavazi yake. Akawatuma watu watano kwa nabii mwanamke Hulda, aliyekaa katika mtaa wa pili wa Yerusalemu, wakaulize maana ya jambo hilo. Miongoni mwa hao watano walikuwamo Shafani mwenyewe, Ahikamu mwana wa Shafani, na mtu aitwaye Akbori.

Jina la Akbori tuliweke akilini, kwa kuwa miaka 18 baadaye mwana wa Akbori na mwana wa Shafani watasimama pamoja mbele ya mfalme mwingine, na habari itakuwa tena habari ya kitabu kinachosomwa.

Yosia aliuawa Megido mwaka wa 609 KK akikabiliana na Farao Neko. Wananchi wakamtawaza mwanawe Yehoahazi, lakini baada ya miezi mitatu Neko akamwondoa, akampeleka Misri, na mahali pake akamweka ndugu yake Eliakimu, akambadilisha jina na kumwita Yehoyakimu. Nchi ikatozwa talanta 100 za fedha na talanta moja ya dhahabu, na mfalme mpya akazikamua kutoka kwa watu wake. Kwa hiyo Yehoyakimu alikalia kiti kwa mkono wa Misri. Yeyote aliyetangaza kwamba Babeli ndiyo itakayotawala alikuwa akigusa mzizi wa kiti hicho.

Yeremia alitangaza hilo waziwazi. Mwanzoni mwa utawala wa Yehoyakimu alisimama uani mwa hekalu akasema nyumba hiyo itabomolewa, na makuhani na manabii wakataka auawe. Aliyemkinga asikabidhiwe kwa watu alikuwa Ahikamu mwana wa Shafani. Nabii mwingine, Uria wa Kiriath-yearimu, hakuwa na mtu wa kumkinga. Alikimbilia Misri, mfalme akawatuma watu wamfuate, wakamrudisha, naye akauawa kwa upanga na kuzikwa makaburi ya makabwela. Aliyeongoza ujumbe wa kumkamata Uria alikuwa Elnathani mwana wa Akbori. Ndivyo watumishi wa serikali ile walivyokuwa: wana wa watu waliokwenda kwa Hulda, wengine wakimlinda nabii, wengine wakitekeleza amri ya kumwua.

Mfungo wa mwezi wa tisa

Mwaka wa 605 KK Wababeli waliwapiga Wamisri huko Karkemishi, kando ya Mto Frati, na ulimwengu wa Mashariki ya Karibu ukabadilika. Mwaka huohuo, wa nne wa Yehoyakimu, Yeremia alimwita Baruku mwana wa Neria akamwambia aandike katika gombo maneno yote aliyowahi kuyatamka juu ya Israeli, Yuda na mataifa. Yeye mwenyewe alikuwa amezuiwa kuingia hekaluni, hivyo Baruku ndiye aliyepaswa kwenda kusoma.

Nafasi ilipatikana katika mwezi wa tisa wa mwaka uliofuata, mwezi ambao Wayahudi huuita Kislevu, sawa na Novemba na Desemba. Ulitangazwa mfungo, na watu wa miji ya Yuda wakamiminika Yerusalemu. Biblia haitaji sababu ya mfungo huo. Hata hivyo, kumbukumbu za Babeli zilizoandikwa juu ya mabamba ya udongo, ambazo leo zimehifadhiwa British Museum jijini London na zilitolewa kitabuni na D. J. Wiseman mwaka wa 1956, zinaeleza kwamba katika mwezi wa Kislevu wa mwaka wa kwanza wa mfalme wao Nebukadneza, yaani 604 KK, jeshi lake liliuteka mji wa Ashkeloni na kuugeuza kifusi. Ashkeloni uko pwani ya Mediterania, mwendo wa siku chache tu kwa miguu kutoka Yerusalemu. Hofu iliyokuwa mjini siku hiyo inaeleweka.

Baruku alihitaji mahali ambapo sauti yake ingewafikia watu. Alipata chumba cha Gemaria mwana wa Shafani, katika ua wa juu wa hekalu, karibu na mlango wa Lango Jipya. Kuwa na chumba hapo ilikuwa dalili ya cheo, na kumwachia msaidizi wa nabii aliyepigwa marufuku akitumie ilikuwa hatari. Gemaria mwenyewe hakuwapo. Alikuwa ikulu, katika chumba cha mwandishi, akikaa na maofisa wenzake. Aliyekuwapo ni mwanawe Mikaya. Kijana huyo alisikiliza gombo lote likisomwa, kisha akashuka ikulu akawaeleza wakubwa aliyoyasikia.

Maofisa wakamtuma mtu amlete Baruku pamoja na gombo lake. Walipomwambia aketi awasomee, alikuwa mbele ya watu walioijua kazi ya maandishi kuliko mtu yeyote katika Yuda. Wakasikia, wakatazamana kwa hofu, wakamwambia hawana budi kumweleza mfalme. Kisha wakamwuliza swali la kiofisi kabisa: aliyaandikaje maneno hayo yote? Naye akajibu kwamba Yeremia aliyatamka kwa kinywa chake, yeye akayaandika kwa wino. Katika Agano la Kale lote, hapo ndipo pekee wino unapotajwa. Walikuwa wakithibitisha chanzo cha waraka kabla ya kuufikisha juu, jinsi mtumishi makini wa serikali anavyofanya hadi leo.

Ndipo wakamshauri Baruku ajifiche pamoja na Yeremia, na mtu yeyote asijue waliko. Gombo wakaliweka katika chumba cha Elishama mwandishi, wakaenda kwa mfalme mikono mitupu, wakamweleza habari kwa mdomo. Tukiutazama utaratibu huo, tunaona watu waliojaribu kutimiza wajibu wao kwa mfalme huku wakiokoa uhai wa watu wawili na usalama wa waraka mmoja.

Kisu cha mwandishi

Mfalme hakuridhika na habari za mdomo. Alimtuma mtu aitwaye Yehudi akalilete gombo. Ilikuwa majira ya baridi, naye alikaa katika nyumba yake ya kipupwe, mbele yake kukiwa na jiko la makaa linalowaka. Yehudi akaanza kusoma. Kila aliposoma safu tatu au nne, mfalme alizikata kwa kisu cha mwandishi, kisu kidogo cha kuchongea kalamu za matete, akazitupa motoni. Hakulichoma gombo mara moja kwa hasira. Alilisikiliza lote, kipande baada ya kipande, na kila kipande alichokisikia akakiteketeza.

Mwandishi wa kitabu cha Yeremia anasema kwamba mfalme na watumishi wake hawakuogopa wala hawakurarua mavazi yao. Anayeijua habari ya Yosia anasikia shutuma iliyomo: baba aliposomewa kitabu alirarua nguo, mwana aliposomewa alikata kitabu.

Watu watatu tu ndio waliofungua midomo. Elnathani, Delaya na Gemaria walimsihi mfalme asilichome gombo. Elnathani ndiye yuleyule aliyemleta Uria akauawe. Gemaria alikuwa mwana wa mtu aliyesoma torati mbele ya Yosia. Walikuwa na kazi, vyeo na familia, na mfalme aliyekuwa mbele yao alikwisha kumwua nabii mmoja. Waliomba, naye hakuwasikiliza. Akaamuru Baruku na Yeremia wakamatwe, lakini walikuwa wamekwisha kufichwa.

Yeremia akatwaa gombo jingine, Baruku akaandika tena yote yaliyokuwa katika lile la kwanza, na maneno mengine mengi ya namna hiyo yakaongezwa. Baada ya siku hiyo Biblia haimtaji tena Gemaria mwana wa Shafani akitenda jambo lolote. Sehemu yake ni siku moja tu. Kwa macho ya siku hiyo alishindwa, kwa kuwa ombi lake lilikataliwa na gombo likaungua. Lakini Baruku alikuwa hai kuliandika upya, na alikuwa hai kwa sababu Gemaria na wenzake walimwonya mapema.

Mjumbe wa barua

Gemaria wa pili wa Biblia anatokea miaka michache baadaye. Yehoyakimu alimtumikia Nebukadneza kwa miaka mitatu kisha akaasi. Alikufa kabla adhabu haijamfikia, na mwanawe Yehoyakini, aitwaye pia Yekonia, akatawala miezi mitatu tu. Machi 597 KK Yerusalemu ulisalimu amri. Mfalme kijana, mama yake, maofisa, mafundi na wahunzi wakahamishwa hadi Babeli, na Nebukadneza akamweka Sedekia awe mfalme juu ya waliobaki.

Wahamishwa walikuwa na manabii waliowaahidi kwamba watarudi nyumbani upesi. Yeremia alitaka kuwaandikia ukweli mwingine, na barua hiyo ilihitaji wabebaji. Sedekia alikuwa akituma ujumbe rasmi kwa Nebukadneza, na barua ya nabii ikasafiri pamoja nao, mikononi mwa Elasa mwana wa Shafani na Gemaria mwana wa Hilkia. Huyu wa kwanza anatoka katika nyumba ileile tunayoifuata. Huyu wa pili ni mtu mwingine kabisa, mwana wa Hilkia, na Hilkia lilikuwa jina la watu wengi. Hata baba yake Yeremia aliitwa hivyo.

Barua waliyoibeba iliwaambia wahamishwa wajenge nyumba na kukaa humo, wapande bustani na kula matunda yake, waoe na kuozesha, na wautakie amani mji waliopelekwa, kwa kuwa katika amani yake watapata amani yao. Iliwaambia pia kwamba miaka 70 itapita kabla ya kurudi. Kwa watu waliosubiri kurudi kesho, maneno hayo yalikuwa machungu. Kuhama kwa nguvu kumeyaangamiza mataifa mengi. Wayuda wa Babeli walidumu kama jamii, na barua hii imo miongoni mwa misingi ya kudumu kwao. Gemaria mwana wa Hilkia ametajwa mara moja tu katika Biblia, kwa sababu ya safari hiyo ya kazi.

Vigae vya Lakishi na Aradi

Mwaka wa 1935 msafara wa uchimbaji ulioongozwa na Mwingereza James Leslie Starkey ulikuwa ukifukua kilima cha Tell ed-Duweir, ambapo palikuwa na mji wa Lakishi, ngome ya pili kwa umuhimu baada ya Yerusalemu. Katika chumba cha lango la mji, ndani ya tabaka la majivu ya maangamizi ya Wababeli, walipata vigae vya vyungu vyenye maandishi ya wino. Vilikuwa 18, na vingine vitatu vilipatikana mwaka wa 1938. Starkey hakumaliza kazi yake. Januari 1938 aliuawa na watu wenye silaha akiwa njiani kwenda Yerusalemu.

Kigae kilichopewa namba 1 kina orodha ya majina matano, kila jina na la baba yake. Jina la kwanza ni Gemaryahu mwana wa Hisilyahu. Hakuna maelezo wala ujumbe. Pengine ni watu wa zamu, pengine wa mgawo wa chakula. Kigae chenyewe ni majina tu. Katika orodha hiyohiyo yumo mwana wa mtu aitwaye Yeremia na mwana wa mtu aitwaye Neria, si wale wa Biblia, bali ushahidi kwamba majina tunayoyasoma katika kitabu cha nabii ndiyo yaliyoitwa kambini na majumbani.

Vigae vingine vinaeleza hali ya nchi. Katika kimoja, askari wa kituo cha nje anamwarifu mkubwa wake kwamba wanatazamia ishara za moto za Lakishi, kwa kuwa za Azeka hawazioni. Kitabu cha Yeremia nacho kinasema kwamba wakati mmoja miji yenye ngome iliyokuwa imebaki Yuda ilikuwa miwili tu, Lakishi na Azeka. Katika kigae kingine, ofisa Hoshayahu anateta kwa uchungu kwamba mkubwa wake amemdhania kuwa hajui kusoma, naye anaapa kwamba hajawahi kuhitaji mtu wa kumsomea barua. Barua hiyohiyo inataja kamanda wa jeshi, Konyahu mwana wa Elnathani, aliyeteremka kwenda Misri. Kama Elnathani huyo ni yule aliyemfuata Uria, basi mwana alishika njia aliyoipita baba.

Kusini zaidi, pembezoni mwa jangwa la Negebu, kuna ngome ya Aradi, iliyochimbwa na Yohanan Aharoni katika miaka ya 1960. Kigae namba 40 cha Aradi ni barua ya Gemaryahu na Nehemyahu kwa mkubwa wao Malkiyahu, na ndani yake kuna onyo kuhusu ubaya uliofanywa na Edomu. Aharoni aliiweka barua hiyo mwishoni mwa karne ya 8 KK, hivyo jina hili lilikuwa likitumika vizazi kadhaa kabla ya Yehoyakimu. Mwaka wa 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Tel Aviv walichambua kwa kompyuta miandiko ya vigae 16 vya Aradi vya karibu mwaka wa 600 KK, wakagundua mikono isiyopungua sita tofauti, kutoka kamanda hadi naibu wa msimamizi wa ghala. Kusoma na kuandika kulikuwa kumeshuka hadi ngazi za chini za jeshi. Ndiyo maana gombo lililosomwa hadharani lilikuwa jambo zito: Yuda ilikuwa na watu wa kulisoma, kulinakili na kulificha.

Udongo uliochomwa

Mwaka wa 586 KK Yerusalemu ulianguka. Hekalu, ikulu na nyumba za wakubwa vilitiwa moto. Miaka zaidi ya 2,500 baadaye, kati ya 1978 na 1985, mwanaakiolojia Yigal Shiloh wa Chuo Kikuu cha Kiebrania alichimba katika Mji wa Daudi, sehemu ya kale kabisa ya Yerusalemu. Kwenye mteremko wa mashariki, mwaka wa 1982, watu wake walifikia sakafu ya jengo lililoungua siku zile. Juu yake walikuta takriban vidonge 50 vya udongo vyenye chapa za mihuri.

Ili kuielewa thamani yake ni lazima kujua jinsi vilivyotumika. Hati ya mafunjo ikishaandikwa ilikunjwa na kufungwa kwa uzi. Juu ya fundo la uzi liliwekwa donge la udongo mbichi, na mwenye hati akagandamiza muhuri wake. Aliyetaka kuisoma alipaswa kuvunja udongo, hivyo hati haikuweza kuchezewa. Nyuma ya vidonge vile bado zinaonekana alama za nyuzi za mafunjo na za kamba. Kwa kawaida udongo usiochomwa hurudi kuwa tope. Moto wa Wababeli uliziteketeza hati zote, lakini ukavioka vidonge vikawa vigumu, na ndiyo sababu vimedumu.

Kimojawapo, chenye ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, kina mistari miwili ya herufi za kale za Kiebrania inayosema kuwa ni cha Gemaryahu mwana wa Shafani. Hakina cheo wala picha. Mahali ni Yerusalemu, wakati ni miongo ya mwisho ya ufalme, na jina la baba, Shafani, si la kawaida katika mihuri ya zama hizo. Wataalamu wengi wanakubali kwamba mwenye muhuri huo ndiye mwenye chumba cha hekaluni ambamo Baruku alisoma.

Nguvu ya ushahidi huo inatokana na namna ulivyopatikana. Mwaka wa 1978 msomi Nahman Avigad alitangaza kidonge cha Berekyahu mwana wa Neryahu, mwandishi, na ulimwengu ukafurahi kwamba muhuri wa Baruku mwenyewe umeonekana. Lakini kidonge hicho kilitoka katika soko la vitu vya kale, si katika uchimbaji. Mwaka wa 2014 Yuval Goren na Eran Arie walichapisha uchunguzi wa kimaabara uliohitimisha kwamba ni kazi ya waghushi wa siku hizi. Cha Gemaria kilitoka sakafuni, katika majivu, mbele ya macho ya wachimbaji, pamoja na vidonge vingine vya tabaka lilelile. Kila kitu cha kale kinachochimbwa kwa magendo na kuuzwa gizani kinapoteza nusu ya ushahidi wake, na mlango wa waghushi unafunguka.

Nyumba ya Shafani yenyewe ilimalizika kwa huzuni. Baada ya maangamizi Wababeli walimweka Gedalia, mwana wa Ahikamu, mjukuu wa Shafani, awe liwali wa waliobaki, makao yake yakiwa Mispa. Ishmaeli mwana wa Nethania, wa uzao wa kifalme, alikula naye mezani kisha akamwua. Watu waliosalia, wakihofia kisasi cha Babeli, wakakimbilia Misri na kumchukua Yeremia na Baruku pamoja nao.

Gemaria wa kisiwa cha Nile

Misri ilikuwa na makazi mengi ya Wayahudi, na moja lilikuwa Elefantine, kisiwa cha Mto Nile mkabala na Aswan, mpakani mwa Nubia. Katika karne ya 5 KK walikaa huko askari wa Kiyahudi na familia zao, wakiilinda mipaka kwa niaba ya dola ya Uajemi. Kati ya 1904 na 1908 hati zao za mafunjo, zilizoandikwa kwa Kiaramu, zilinunuliwa na kuchimbuliwa hapo.

Katika hati ya takriban mwaka wa 460 KK, mtu aitwaye Mahseya anampa binti yake Mibtahya nyumba, iwe mali yake na ya watoto wake. Kati ya mashahidi waliotia majina yao yumo Gemaria mwana wa Mahseya, inavyoelekea kaka yake Mibtahya. Kaka huyo aliishuhudia hati iliyompa dada yake mali ambayo yeye mwenyewe angeweza kuitamani, na mwanamke yule aliitunza pamoja na hati zake nyingine.

Kizazi kilichofuata kiliongozwa na Yedania mwana wa Gemaria, ambaye wataalamu wengi humwona kuwa mwana wa kaka huyo. Mwaka wa 410 KK makuhani wa mungu Khnumu walishirikiana na liwali wa Kiajemi, wakalibomoa hekalu la Wayahudi lililokuwa kisiwani. Miaka mitatu baadaye Yedania na makuhani waliandika maombi kwa Bagohi, liwali wa Yuda, wakieleza kwamba tangu siku ile walikuwa wakivaa magunia na kufunga. Ipo pia hati ambamo watu watano, wa kwanza akiwa Yedania mwana wa Gemaria, wanaahidi kwamba hekalu likijengwa tena hawatachinja humo kondoo, ng'ombe wala mbuzi, bali watatoa ubani na sadaka ya unga, na watalipa fedha pamoja na shayiri. Waliandika, wakangoja, wakaandika tena. Kibali kilikuja.

Hukumu ya historia

Kwa hiyo katika muda wa takriban miaka 250 tunawaona akina Gemaria katika kazi moja, ile ya maandishi: mmoja anaandika barua ngomeni Aradi, mmoja anaacha chumba chake kisomewe gombo, mmoja anabeba waraka hadi Babeli, mmoja anaandikwa katika orodha ya Lakishi, mmoja anashuhudia hati ya dada yake huko Elefantine. Wafalme waliotawala juu yao walikuwa na majeshi na hazina. Yehoyakimu alikuwa pia na kisu na moto.

Gombo aliloliteketeza liliandikwa upya, likaongezwa, likanakiliwa. Kwa hesabu ya maneno ya Kiebrania, Yeremia ndicho kitabu kirefu kuliko vyote katika vitabu 39 vya Agano la Kale. Msomaji atakayekifungua tena asiyaruke majina ya sura ya 36. Hao ndio waliokihifadhi.